Nungunungu Aliyetunga Utaratibu wa Chumvi

Paukwa!

— Pakawa.

Hiyo pakawa ya wagonjwa. Mtakula viazi vyangu halafu sauti mnaninyima? Paukwa!

— Pakawaaa!

Haya, hapo sawa. Tatu, sogea huku, moshi utakuingia machoni. Egemea ukuta, ni wa mawe huo, haubomoki. Nasibu, wewe ndiye mkubwa, shika kijiti ugeuze viazi, na kikiungua hata kimoja ni chako. Siwema, acha kunong'ona. Nawapa hadithi, na leo si ya kuchekesha. Mtacheka kidogo, halafu mtaacha.

Hapo zamani za kale, chumvi ilikuwa bado haijaingia kwenye pakiti za dukani. Chumvi ilikuwa ardhini, na kuitoa ilikuwa kazi. Palikuwa na uwanda mmoja mweupe, katikati yake chemchemi ya maji ya uvuguvugu, na mwenye uwanda alikuwa Bwana Nyati.

— Aliununua?

Aununue kwa nani, Siwema? Alifika wa kwanza, akasimama pale na pembe zake, akauliza, "Nani anabisha?" Hakuna aliyebisha. Basi ukawa wake.

Kando ya uwanda Bwana Nyati aliweka vyungu saba juu ya mafiga, akaandika wafanyakazi. Ngiri alikuwa mchimbaji wa udongo wa chumvi. Tumbili alikuwa mteka maji. Nungunungu alikuwa mpishi wa vyungu, yeye ndiye aliyechemsha na kukoroga. Na Yangeyange, yule ndege mweupe mwenye miguu mirefu, yeye kazi yake ilikuwa kusimama mgongoni mwa Bwana Nyati. Bwana Nyati akisema neno, Yangeyange anasema, "Umenena, Bwana!" Semeni.

— Umenena, Bwana!

Mmeweza. Mtapata kazi nyinyi.

Sasa huyu Nungunungu alikuwa mjane. Alikuwa na watoto wawili, miiba yao bado laini kama majani ya mchicha. Zamani walikuwa watatu. Walikaa kwenye shimo la udongo ukingoni mwa uwanda, na masika yaliyopita udongo ulilowa, shimo likabomoka, likamfukia yule mdogo wa mwisho. Tangu siku ile Nungunungu akiona wingu tu anakimbilia shimoni kuwahesabu wanawe. Hakutaka shamba, hakutaka cheo. Alitaka mahali pakavu pa kuwalaza wale wawili kabla masika hayajarudi. Shikeni hilo, hadithi yote iko hapo.

Kazi pale kiwandani ilikuwa vurugu. Kila mmoja alifanya anavyojua. Leo chumvi inatoka nyeupe, kesho ina matope, keshokutwa imeungua inanuka moshi. Bwana Nyati akakasirika. Akasimama katikati ya vyungu tangu asubuhi, anatoa amri. "Koroga! Usikoroge! Ongeza moto! Nani amewaambia muongeze moto?" Amri zikawa nyingi kuliko kuni. Mwisho akarudi nyuma bila kutazama, mkia ukaingia jikoni.

— Ukaungua?

Ukaungua, Tatu, akakimbia mpaka chemchemini, akakaa majini na Yangeyange wake mgongoni, na Yangeyange anasema, "Umeoga vizuri, Bwana!"

Chekeni, chekeni. Hapo ndipo pa kucheka.

Alipotoka majini akawaita wote. "Nimechoka," akasema. "Kazi hii mnaifanya nyinyi, na mnaijua nyinyi. Basi utaratibu wake tungeni nyinyi wenyewe. Nawakabidhi. Kuanzia leo mimi simo."

— Umenena, Bwana!

Ngiri akatazama chini. Tumbili akajikuna. Unajua mtu akizoea kuamriwa, siku akiambiwa amua mwenyewe anahisi kama ametukanwa. Bwana Nyati akaona hakuna anayejitokeza, akaongeza, "Na atakayetunga utaratibu ukashika, nitampa lile pango la jiwe kando ya chemchemi. Litakuwa lake na wanawe."

Nungunungu akasikia neno "jiwe" na moyo ukamruka. Lile pango alikuwa akilipita kila siku. Paa lake jiwe, kuta zake jiwe, sakafu kavu hata masika. Akainua mkono. "Nitatunga mimi, Bwana."

Akaenda, akakaa peke yake, akafikiri, akarudi na utaratibu wake wa kwanza. "Ngiri, utachimba alfajiri, wakati wa baridi." Ngiri akacheka mpaka akakohoa. "Alfajiri? Umande wote ule? Chumvi inapanda juu jua likishawaka, mama. Alfajiri utachimba matope." Nungunungu akaona aibu. Kumbe kazi ya mwenzako unaiona kila siku na huijui.

Basi akaanza upya. Akashinda na Ngiri mchana mzima, anamtazama, anamuuliza. Ngiri akamwonyesha kwamba chumvi iko juu juu, ule unga mweupe wa kukwangua, ukichimba chini unaleta udongo mtupu. Akashinda na Tumbili. Tumbili akamwonyesha kwamba udongo ule ukilowekwa kidogo maji yanatoka maziwa maziwa, hayana ladha. Usubiri mpaka jua ligeuke. Na mambo ya vyungu aliyajua mwenyewe, alifundishwa na mama yake. Chumvi ikishatuama chini ya chungu, juu yanabaki maji kidogo ya manjano. Hayo si chumvi. Ni maji machungu, na aliyeyanywa anashinda kichakani. Hayo unayamwaga, ndipo unakausha chumvi yako.

Kuandika hawakujua. Kwa hiyo Nungunungu aliutia utaratibu wote kwenye wimbo, ili kazi isisahauliwe na mdomo wowote. Nitaimba, nyinyi mtaitikia lile neno la mwisho.

*Kwangua juu, usichimbe chini!*
*Loweka mpaka jua ligeuke!*
*Chuja mara mbili, si moja!*
*Chemsha, koroga, usiondoke!*
*Maji machungu —*

— Mwaga!

Tena. *Maji machungu —*

— Mwaga!

Ehe. Waliimba hivyo, na kila aliyefika kwenye mstari wake alijua afanye nini. Hakuna aliyepigiwa kelele. Ngiri akikwangua anaimba, Tumbili akiloweka anaimba, na Nungunungu akifika mwisho wote wanapaza sauti, mwaga! na yale maji ya manjano yanakwenda mtaroni. Chumvi ikatoka nyeupe, laini, tamu ulimini. Vyungu saba, vyote sawa.

Wanyama wakaja kutoka mbali. Twiga akaja, akainama, akaramba, akainua shingo. "Bwana Nyati, chumvi hii! Siri yake nini?"

Bwana Nyati akatoa kifua. "Utaratibu wangu," akasema.

— Wake? Si wa Nungunungu?

Nasibu, wewe umesikia, na Nungunungu naye alisikia. Alikuwa palepale, mwiko mkononi. Akajiambia, liwe lake jina, mimi nataka pango. Jioni ile akamfuata. "Bwana, utaratibu umeshika. Na lile pango?"

"Ngoja ukomae kwanza," akasema Bwana Nyati.

— Umenena, Bwana!

Basi ikawa hivi. Yule aliyesema "mimi simo" akaanza kuingia.

Siku moja Bwana Nyati akamkuta Ngiri anakwangua polepole, anaimba. "Unabembeleza ardhi?" akamwambia. "Chimba chini! Jaza kapu!" Ngiri akasema, "Lakini wimbo, Bwana..." Bwana Nyati akasema, "Wimbo ni wenu, mimi siugusi. Nimesema chimba chini tu." Ngiri akachimba. Makapu yakajaa upesi, na chumvi ikatoka na matope.

Bwana Nyati akaionja, akatema. "Utaratibu huu nani aliutunga?"

"Nungunungu!" akasema Yangeyange.

"Basi aurekebishe."

Hakusema, "Aliyeagiza wachimbe chini ni mimi." Akasema arekebishe. Nungunungu angeweza kusema. Alifungua mdomo, akaona mawingu mawili madogo upande wa mashariki, akaufunga. Akaongeza chungu cha nane cha kutulizia maji ili matope yazame, akawa anafika kabla ya wote kukiandaa. Kazi yake ikaongezeka, chumvi ikarudi nyeupe. Akaenda kwa Bwana Nyati. "Bwana, na lile pango?"

"Umeona mwenyewe kilichotokea. Bado haujakomaa."

Siku nyingine Bwana Nyati akapita pale wanapochuja. "Mnachuja mara mbili? Kitu kimekwisha kuchujwa, mnachuja nini tena?" Tumbili akasema, "Wimbo unasema mbili, Bwana." Bwana Nyati akasema, "Wimbo ni wenu, mimi siugusi. Nimesema mara moja tu inatosha." Wakachuja mara moja. Chumvi ikatoka na mchanga. Pundamilia akatafuna, krr, jino likavunjika.

"Utaratibu huu nani aliutunga?"

Semeni.

— Nungunungu!

"Basi aurekebishe."

Unajua alifanya nini? Hakukuwa na kitambaa pale, hakukuwa na kichujio cha bati. Akakaa chini, akang'oa miiba yake mwenyewe. Mmoja mmoja, kutoka mgongoni, akiuma meno. Akaisuka pamoja na ukindu, akapata kichujio chenye matundu membamba kuliko yote yaliyopata kuonekana pale, kikachuja mara moja kama mara mbili. Watoto wake wakamuuliza, "Mama, mgongo wako umekuwaje?" Akawaambia, "Nimelala vibaya."

Ngiri alikiona kile kichujio. Akakishika, akakigeuza, akasema, "Kizuri." Basi. Akarudi kuchimba. Alijua miiba ile imetoka wapi, alijua tope limeletwa na nani na mchanga umeletwa na nani, akasema kizuri. Ngiri huyo! Uso kama shoka na moyo kama uji.

— Bibi, mbona unamchukia hivyo Ngiri? Hajafanya kitu.

Ndiyo hivyo, Siwema. Hajafanya kitu. Nasibu, viazi!

Sasa sikilizeni, hapa ndipo penyewe. Binti wa Twiga alikuwa anaolewa. Mbuga nzima imealikwa, na Twiga akaagiza chumvi makapu manane. Bwana Nyati akaitikia makapu manane, hakuuliza mtu kama yanawezekana. Vyungu vya kuchemshia ni saba. Wakachapa kazi siku sita, wakapata makapu saba. Siku ya mwisho, mawingu yamejaa, upepo unanuka mvua, Bwana Nyati akaja kusimama juu ya vyungu. Nungunungu alikuwa ameinua chungu cha mwisho. Wakaimba wote.

*Maji machungu —*

— Mwaga!

"Simama!" Bwana Nyati akapiga kwato. "Unamwaga nini?"

"Maji machungu, Bwana. Ndivyo ulivyo utaratibu."

"Hayo yametoka kwenye chumvi yangu? Yametoka kwenye ardhi yangu? Kumbe siku zote mnamwaga mali yangu mtaroni! Kausha mpaka tone la mwisho. Hapo ndipo kapu la nane lilipo."

Nungunungu akashusha chungu. Akasema, na safari hii alisema, "Bwana, matope niliweza kuyatuliza. Mchanga niliweza kuuchuja. Hiki siwezi kukirekebisha baadaye. Uchungu ukishaingia kwenye chumvi hautoki. Watu wataugua."

Ngiri alikuwepo, hatua tatu. Tumbili alikuwepo, kashika mtungi. Walisikia kila neno.

Bwana Nyati akapoza sauti. Hiyo ndiyo sauti ya kuogopa, wanangu, si ile ya kelele. "Bi Nungunungu," akasema, "utaratibu ni wako. Nilikukabidhi mbele ya wote, na mimi siuingilii. Ila maji hayamwagwi. Harusi ikipita, kesho yake asubuhi unahamia pangoni na wanao. Nimekwisha kusema."

— Umenena, Bwana!

Mimi nilikuwa nataka msiitikie hapo. Lakini ndivyo ilivyo, midomo inazoea.

Nungunungu akasimama na kile chungu. Hatua moja kulia ulikuwa mtaro, angekiinamisha kidogo tu yangemwagika, angesema mkono umeteleza. Akautazama mtaro. Akatazama mawingu. Tone la kwanza la mvua likamwangukia puani, na akawafikiria wale wawili kwenye shimo la udongo, na yule wa tatu aliye chini ya udongo. Akakirudisha chungu jikoni. Akakoroga mpaka maji ya manjano yakaisha, na chumvi ikawa nyingi, ikachanganywa na ile ya makapu saba, yakajaa makapu manane, ikang'aa. Kwa macho usingeijua.

Namhurumia, na namkasirikia vilevile. Mkono wake ulijua na ukakoroga. Lakini mimi sina shimo linalovuja, nani kaniuliza?

Harusi ikafika. Ngoma zikapigwa, sufuria zikaepuliwa, chumvi ikatiwa kwa kiganja. Wakala. Pundamilia akakunja uso, akafikiri ni jino lake. Nyani akasema supu ina dawa. Twiga akameza, masikini, na uchungu ule ukamshuka shingo ile yote ndefu, unateremka na yeye anausikia, unateremka na yeye anausikia. Kisha matumbo yakaanza kunguruma kuliko ngoma. Bibi harusi aliondoka uwanjani mbio na maua kichwani, bwana harusi akaondoka upande wa pili, na wageni kila mmoja akatafuta kichaka chake. Vichaka havikutosha.

Cheka, Tatu, cheka tu. Ndiyo mwisho wa kucheka.

Walipopata nguvu ya kusimama, wakaja uwandani wote, Twiga mbele. "Bwana Nyati! Umenivunjia harusi ya mwanangu. Uliniambia chumvi hii ni ya utaratibu wako!"

Bwana Nyati akainamisha kichwa kwa huzuni, huzuni nzuri kabisa. "Ndugu zangu," akasema, "kosa langu ni moja. Niliwaamini wafanyakazi wangu. Niliona wao ndio wanaoijua kazi, nikawaachia watunge utaratibu wenyewe. Mimi sikuweka hata neno langu moja. Ulizeni yeyote. Utaratibu huu nani aliutunga?"

"Nungunungu!" akasema Yangeyange. Na wanyama wote waliowahi kuusikia ule wimbo wakasema, ndiyo, ni Nungunungu.

Siku za sifa ulikuwa utaratibu wa Nyati. Siku ile ukarudishwa kwa mwenyewe, haukupungukiwa na kitu.

Nungunungu akajitokeza. Hakulia. "Ni kweli nimeutunga," akasema. "Sasa usikilizeni." Akauimba pale mbele yao, mstari kwa mstari, mpaka wa mwisho. "Unasema mwaga. Haujapata kusema usimwage. Aliyesema yasimwagwe ni Bwana Nyati, na hapa kuna walioshuhudia. Ngiri, waambie. Ulikuwa hatua tatu."

Mvua inanyunya. Wote wakamgeukia Ngiri.

Ngiri akazitazama kwato zake. Akazitazama muda mrefu, utafikiri ndiyo kwanza ameziona. Akasema, "Mimi nachimba tu. Mambo ya vyungu siyajui."

"Tumbili!"

"Mimi nilikuwa kwenye maji," akasema Tumbili.

Bwana Nyati akamuuliza Nungunungu swali moja. "Chungu kile alikikoroga nani? Mkono wa nani ulishika mwiko?"

Nungunungu akautazama mkono wake. Nadhani alitafuta kama kuna mkono mwingine pale juu ya ule wake. Hakuuona. "Wangu," akasema.

Basi. Akafukuzwa kiwandani saa ileile. Na kwa kuwa lile shimo la udongo nalo lilikuwa kwenye ardhi ya Bwana Nyati, akafukuzwa na shimoni pia. Akabeba mmoja, akamshika mwingine mkono, akaondoka mvua ikimpiga mgongoni pale pasipo na miiba. Kichujio chake kikabaki. Kilikuwa mali ya kiwanda.

Kesho yake asubuhi Bwana Nyati akawakusanya waliobaki. "Nimefikiri sana juu ya yaliyotokea," akasema. "Nimeamua kurekebisha utaratibu mwenyewe. Udongo ukwanguliwe juu. Uchujwe mara mbili. Na naongeza mstari mmoja mwishoni, ni wangu, sitaki mtu aubadilishe. Maji machungu —"

— ...

Mbona hamuitikii?

— Hatutaki, Bibi.

Wao waliitikia. Wakasema mwaga, na Yangeyange akasema umenena, Bwana. Chumvi ikarudi nzuri, Twiga akasamehe, wanyama wakarudi kuramba.

— Na watoto wa Nungunungu? Walipata pa kulala?

Walilala chini ya gogo, Tatu. Masika yale yalikuwa makubwa. Yalipokwisha, Nungunungu alikuwa na mtoto mmoja.

Usilie. Njoo kwa Bibi. Ni ya zamani hii.

Ndiyo maana mpaka leo nungunungu mnamwona anatembea peke yake porini, miiba imesimama, ukimkaribia anakupa mgongo. Na mkisahau jembe shambani, asubuhi mnakuta mpini umetafunwa. Watu wanasema nungunungu mharibifu. Hatafuti mbao yule. Anatafuta ule utamu wa jasho uliokauka kwenye mpini. Yeye aliyewafundisha wote kupika chumvi nyeupe, anairamba kwenye majasho ya wengine.

Sasa funzo, kwa sababu mtakua na mtaajiriwa, na mmoja wenu huenda akaajiri. Ukimkabidhi mtu kutunga utaratibu, mkabidhi na neno la mwisho juu yake. Ukimpa kutunga ukabaki na kubadilisha, hujamkabidhi kazi, umemkabidhi lawama. Na wewe unayeambiwa tunga, kabla hujaanza kuimba, uliza mbele ya watu: huu wimbo nani anaruhusiwa kuukata? Wakikujibu kwa kucheka, weka mwiko chini.

Hadithi yangu imeishia hapo. Atakayeipeleka mbele asinipunguzie chungu hata kimoja. Geuzeni viazi tule.

— Bibi.

Nini, Nasibu?

— Lile pango la jiwe. Alipewa nani?

Nilijua utauliza wewe. Alipewa Ngiri. Bwana Nyati alisema ni mfanyakazi mwaminifu, hana maneno mengi.

— Akalikubali?

Alikuwa na watoto naye. Mvua ilikuwa inanyesha.

— Bibi, na wewe kule kiwandani kwenye mkonge, ulipokuwa unafanya kazi zamani... wewe ndiye ulikuwa Nungunungu?

Mimi? Hapana, mwanangu. Nungunungu alikuwa anaitwa Asumini. Tulikuwa zamu moja, mashine moja, tunagawana kiazi kama hivi. Utaratibu wote wa kupanga nyuzi aliutunga yeye, na siku alipogeuka kunitazama, mbele ya watu wote, akaniita jina langu, nilizitazama ndala zangu.

Mimi nilikuwa Ngiri.

Usiutazame ukuta hivyo, Nasibu. Ni mawe tu. Kula kiazi chako.